Lehemu

Miaka thelathini na moja nimeshika lehemu,
kibanda cha mabati nyuma ya soko la Mbuyuni,
bati na risasi, moshi mwembamba unaoingia machoni,
redio za wajomba, spika za kwaya,
rimoti zilizokaliwa na watoto.
Leo daktari kaiangalia karatasi, kaniambia:
"Mzee Mansueti, una lehemu nyingi kwenye damu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Nikamwambia, yangu huyeyuka nikiigusa na chuma cha moto,
hii yako inataka moto gani?
Akaandika sita nukta nane.
Akaandika vidonge, kimoja kila usiku.
Akaandika: punguza nyama.
Mimi, mtu wa Kibosho, na Desemba iko mlangoni!

Nilipotoka mawingu yalikuwa yamefunguka.
Kibo imekaa pale, juu ya mapaa ya mji,
theluji imegandia kipara chake
kama mafuta juu ya supu iliyolala.
Ile ikipungua watu wanasikitika.
Yangu nani ataililia?

Apolonia, mke wangu, hana subira na karatasi.
Alishuka dukani kwa Bi Rukia
akarudi na vifurushi vitatu vya gazeti:
uwatu, wa njano kama meno ya mvuta kiko,
habasoda, vitone vya wino vilivyokauka,
na mbegu za mlonge, zenye mabawa,
kana kwamba zilikusudia kuruka kabla hazijasagwa.
"Loweka jioni, kunywa alfajiri, usiulize."
Maji ya uwatu yanateleza kooni kama bamia,
uchungu wake unakaa hadi saa nne,
na jasho langu likaanza kunuka bizari
mpaka wateja wakauliza:
fundi, humu ndani mnapika?

Kundaeli, mtoto wa dada yangu, yuko maabara.
Anasaga mbegu, anazilaza kwenye spiriti,
anachuja, anakausha, anabaki na utomvu wa kahawia
usiojaza kizibo cha soda.
Anawapa panya weupe walionenepeshwa kwa samli.
Nikauliza, wamepona?
"Lehemu yao imeshuka, mjomba."
Nikapiga makofi. Akainua kidole.
"Panya wangu hawanywi mbege.
Hawaendi matanga, hawadaiwi ada.
Na kipimo nilichowapa, kwa uzito wako wewe,
sijui bado ni kijiko au ni ndoo.
Vidonge usiache."

Sikuacha.
Miezi mitatu nilimeza vidonge, nilikunywa uwatu,
niliupita moshi wa nyama choma nimekaza shingo
kama mtu anayempita anayemdai,
na kila Jumapili nilipanda nyumbani kwa miguu,
kati ya migomba ya watu na salamu zao ndefu,
kifua kikikohoa kama jenereta ya kuazima.
Wakanitoa damu tena.

Tano nukta tatu.

Apolonia akapiga kigelegele palepale kwenye korido: mbegu!
Daktari akatabasamu: vidonge.
Kundaeli akaandika kitu daftarini, akakifuta.
Kisha wote watatu wakanigeukia mimi,
utadhani mgonjwa ndiye shahidi.

Nami nikakumbuka redio ya katekista wa Umbwe.
Ilikufa siku ya mvua. Niligusa viungo vitatu,
haraka haraka, kimoja baada ya kingine,
ikazinduka katikati ya taarifa ya habari.
Akauliza ubovu ulikuwa wapi.
Nikamwonyesha kimoja, kwa sauti ya fundi,
nikapokea hela.
Mpaka leo sijui kilikuwa kipi.

Usiku huu nimeloweka uwatu, kijiko kimoja, kikombe cha bati.
Kidonge kiko pembeni yake.
Nazima taa, naisikia damu sikioni
ikikwaruza, ikitafuta stesheni.